Umbali Haufi

1

Kila asubuhi mnarani, kabla ya kufungua mkunjo, njia ya mkato ya ndege, Yunge Mghenyi alipaswa kuuliza swali moja tu. Swali lenyewe ni jepesi, hata mtoto wa chekechea angeliweza: kuna gari la dharura barabarani? Likiwepo, ndege ya Valdivia inangoja. Lisipokuwepo, inakwenda. Ndivyo walivyokubaliana wenye uwanja wa ndege na watu wa Ukanda, ile ardhi inayolipia mkunjo, siku ile ya mkutano wa hadhara. Wakala pilau, wakapiga makofi, kila mmoja akashika njia yake.

Asubuhi hiyo gari lilikuwepo, na ndani yake alikuwemo Sikitu, mdogo wake Yunge.

Sikitu alikuwa na mimba ya kwanza, na mimba ya kwanza mwanamke hujifungulia kwao. Hilo halina mjadala. Yeye na mumewe walipanga chumba nyuma ya hospitali ya wilaya hapo mjini Njuguma, karibu kiasi kwamba ukipiga chafya wauguzi wanakusikia. Lakini tumbo lilipokuwa kubwa, mama alituma ujumbe kwamba anamtaka binti yake kijijini Ighombwa, kilomita arobaini ndani ya Ukanda. Yunge alibishana naye wiki nzima. Alimwambia kwamba Ukandani si mahali pa kuzalia. Mama akajibu kwamba hilo neno Ukanda limekuja na wenye ndege, yeye hapo anapaita nyumbani, na kitovu cha Yunge mwenyewe kimezikwa nyuma ya zizi. Yunge akakubali. Nani ashindane na mama yake kwa mambo ya uzazi?

Alfajiri uchungu ulianza, na ulianza na damu. Gari la wagonjwa likatumwa, dereva akiwa Mpondo, mtu mpole anayeifahamu ile njia kila shimo. Hospitali ilikuwa na mkunga mmoja tu siku hiyo, Sista Agripina, naye alibaki kuandaa kitanda na damu ya kuongezea. Mpondo alimchukua Sikitu pamoja na mama, akageuza.

Saa nne ilikaribia. Ndege ilikuwa mwanzoni mwa njia ya kurukia, imewasha injini zote, na vioo vya mnara vilikuwa vikitetemeka.

"Valdivia wameshafungua upande wao," alisema Chilewa, msimamizi wa zamu. "Wanatungoja sisi."

Yunge alivuta kipaza sauti cha redio ya upepo. Simu za kawaida zilikuwa pambo tu kule Ukandani.

"Kaka Mpondo, mko wapi?"

"Dada Yunge! Usiwe na shaka, tumeshafika. Tunaingia mjini, tuko hapa hapa."

"Anaendeleaje?"

"Vizuri kabisa. Msikie mwenyewe."

Ikasikika sauti ya Sikitu, imechoka lakini haijaacha utundu wake. "Dada, huyu mwanao ana papara. Anataka kuzaliwa barabarani kama mtoto wa dereva wa lori."

Yunge alicheka, na kwa kucheka akasikia mabega yake yakishuka. Alikuwa ameyabeba juu tangu alfajiri. "Barabara iko wazi," akamwambia Chilewa.

Sasa, yeyote aliyewahi kumngoja mgeni katika nchi hii anajua maana ya tumeshafika. Mgeni anayesema ameshafika bado anatafuta kiatu cha pili. Fundi anayesema yuko njiani hajatoka kitandani. Wala si uongo, ni adabu. Mtu mwenye wasiwasi humwambii uko mbali, unamsogezea habari njema kidogo apate kupumua. Mpondo aliulizwa na dada wa mgonjwa, naye akajibu kama anavyojibiwa dada wa mgonjwa. Kama angeitwa rasmi na mnara na kuambiwa ataje kilomita, angezisoma kwenye dashibodi bila kuongeza wala kupunguza. Na Yunge, mtoto wa kulekule, ambaye mwenyewe amewahi kusema ameshafika huku ana povu la sabuni kichwani, aliamini kwa sababu alitaka sana kuamini.

Chilewa akageuza ufunguo. Ndege ikakimbia, ikanyanyua pua, ikaingia kwenye mkunjo, anga ikabaki tupu.

2

Kutoka Njuguma hadi Valdivia, kule kusini mwa Chile, ni kilomita elfu kumi na moja. Unapita juu ya Angola, kisha ni bahari, bahari, bahari, mpaka unasahau kwamba duniani kuna udongo. Ndege za zamani zilikwenda saa kumi na tatu na ushei, abiria akashuka miguu imevimba na shingo imepinda. Kwa mkunjo ni dakika ishirini na tano, chai haijapoa.

Lakini umbali haufi. Ni jambo la kwanza analofundishwa mwanafunzi wa mikunjo, na ni jambo la kwanza kusahauliwa na anayekata tiketi. Ukiuondoa hapa, unakwenda kukaa pale, kama vile ukinyoosha shuka upande huu wa kitanda kunyanzi linavyohamia upande wa pili. Wahandisi walitafuta mahali pa kulipeleka hilo kunyanzi. Wakatazama ramani, wakaona vichaka vya Itigi, wakasema hapa hapana watu. Watu walikuwepo. Walikuwa wachache tu, na kwenye ramani wachache na hakuna huonekana sawasawa.

Basi ndege ikiwa ndani ya mkunjo, Ukanda hutanuka. Nyumba haitanuki, ng'ombe hatanuki, mtu hatanuki. Kinachotanuka ni ile katikati. Kisima cha jirani kinageuka safari. King'ora cha saa nne kikilia, watu wa Ukanda huketi hapo hapo walipo, na ardhi hurudi polepole mpaka alasiri, kama godoro la sponji mtu akishainuka.

Macho ya Yunge yalikuwa kwenye kioo cha ramani, kwenye kile kitone cha kijani cha gari la wagonjwa. Alitegemea kukiona kimebakiza kilomita mbili au tatu kufika hospitali. Kilikuwa kimebakiza kumi na tisa. Alipopepesa macho zikawa arobaini, kisha tisini.

"Mnara wa Njuguma unaliita gari la dharura," alisema. "Taja mahali ulipo."

Redio ilikoroma kwanza. "Dada, nipo daraja la pili. Kwani mmefungua? Mbona mji hausogei?"

"Umeniambia mmefika!"

"Nilijua unauliza tu, dada. Nilijua unaulizia mgonjwa."

Chilewa alikuwa amesimama nyuma yake, naye amesikia kila neno. Hakuna aliyehitaji kumweleza mwenzake kilichokuwa kinafuata. Katika dakika tisa za mwanzo ardhi huwa bado haijakubali. Mkunjo ukifungwa kabla ya kengele ya dakika ya tisa kulia, kila kitu Ukandani hurudi mahali pake papo hapo, na Mpondo angekanyaga mafuta akafika hospitali Sista Agripina hajamaliza kutandika shuka. Kisichorudi ni ndege. Ndege ingetupwa nje ya mkunjo popote ilipofikia, na ilipofikia ni juu ya Atlantiki ya kusini, ambako hakuna hata kisiwa cha kumwekea nzi.

Swichi ya kufunga ilikuwa nyekundu, ina kifuniko cha plastiki. Yunge alikifungua kile kifuniko.

"Kapteni, hapa Njuguma. Mafuta yako vipi?"

Kapteni alikuwa mwanamke mwenye sauti iliyotulia, sauti ya mtu anayemenya chungwa. "Kama siku zote, Njuguma. Ya mkunjo, na akiba ya nusu saa. Nje ni kijivu tu. Kuna tatizo?"

"Mko wangapi humo?"

"Mia moja sitini na watatu, pamoja na sisi. Njuguma, kuna tatizo?"

Yunge alizima kipaza sauti. "Mzee Chilewa, niambie la kufanya."

"Siwezi kukwambia ufunge," alisema Chilewa. "Na siwezi kukwambia usifunge."

"Wewe ndiye msimamizi!"

"Najua, Yunge."

"Basi simamia!"

Chilewa alitazama viatu vyake. Alikuwa mtu mwema kweli kweli, wa kuchangia kila msiba na kila harusi, na wema wake wote asubuhi hiyo haukujaa kijiko. Yunge alimchukia kwa muda mfupi, kisha akamhurumia, kisha akamsahau kabisa, kwa sababu redio iliita tena.

"Dada." Ni Sikitu. "Kaka Mpondo analia. Mama ananiambia nisali. Kuna nini?"

"Mkunjo umefunguliwa, Sikitu. Nimeufungua mimi."

Akasikia pumzi ya mdogo wake ikipanda na kushuka, akamsikia akiuma meno uchungu ulipomjia, akamngojea mpaka upite.

"Unaweza kuufunga?"

"Naweza."

"Kuna watu ndani?"

"Wapo. Wengi."

Sikitu hakuwa mtu wa kunyamaza. Tangu utotoni alikuwa wa kujibu kabla swali halijaisha.

"Basi usiniulize mimi," alisema hatimaye. "Nina mtoto tumboni, dada. Mimi nitakwambia ufunge."

Yunge aliweka kidole juu ya swichi. Alijitahidi kuwaona watu mia moja sitini na watatu, akashindwa. Aliona viti tu. Akajitahidi kutomwona Sikitu, hilo nalo likamshinda. Alimwona akiwa na miaka sita, amevaa gauni lake yeye Yunge linaloburura chini, anamfuata kila aendako. Akasema moyoni, bonyeza. Kidole hakikwenda. Akasema, basi ondoa mkono. Mkono nao haukuondoka. Wapo watakaosema baadaye kwamba alichagua, na wengine watamsifu kwa moyo wake wa chuma. Hakuchagua chochote. Alikaa vile vile, mkono hewani, mpaka kengele ikalia na ardhi ikakubali, na hapo swichi ile ikawa kipande cha plastiki tu.

Kwenye kioo, kitone cha kijani kilikuwa kimebakiza kilomita mia saba.

3

Walitoka mjini kwa gari la uwanja, Yunge kwenye usukani na Sista Agripina pembeni, amepakata boksi la barafu lenye damu. Sista alikuwa mwanamke mnene wa makamo, hana maneno mengi, na alikuwa amechukua kila kitu: damu, dawa za kukaza kizazi, mipira ya kupitishia damu, glavu, hata blanketi la mtoto. Kila ambacho Sikitu alikihitaji ili asife kilikuwa kwenye lile gari.

Redio ilitangaza kutoka mnarani kwamba ndege imetua Valdivia salama, dakika mbili kabla ya muda. Yunge aliisikia habari hiyo kama mtu anayesikia bei ya mahindi ya mkoa mwingine.

Walipopanda kilima cha mwisho, kilomita kama kumi na saba kutoka mjini, pale Ukanda unapoanzia, uwanda wote wa Ukanda ukafunguka mbele yao, na gari la wagonjwa likaonekana.

Hapa ndipo mkunjo unapoonyesha ukatili wake. Mwanga ni mkaidi, haufuati ardhi inapotanuka. Hupita pale pale ulipokuwa ukipita zamani. Kwa hiyo macho huona umbali wa jana wakati magurudumu yanakwenda umbali wa leo. Gari lilikuwa pale, jeupe, kwa macho ni mwendo wa kumtuma mtoto dukani. Yunge alikanyaga mafuta mpaka mwisho. Vichaka vilimpita kando kwa kasi, vumbi likatimka nyuma, na lile gari jeupe likabaki pale pale lilipokuwa.

"Yule ni mama," alisema Yunge.

Mama alikuwa ameshuka. Alikuwa akipunga kanga juu ya kichwa chake, na Yunge aliona hata rangi zake, nyekundu na nyeusi. Alipiga honi. Alijua ni upuuzi, akapiga tena.

"Waambie wasiondoke hapo," alisema Sista Agripina. "Huyo anazaa sasa. Nipe hiyo redio."

Mpondo alizima injini. Akaichukua ile kanga kwa mama, akaishika wazi mlangoni kama pazia, yeye amewapa mgongo, uso umeelekea kwa Yunge. Muda wote uliofuata Yunge alikuwa anautazama uso ule kwa mbali, na uso ule unamtazama.

Sista Agripina alizungumza kwenye redio kwa sauti ya chini isiyopanda wala kushuka. Mama, osha mikono. Mama, mwambie asisukume kwanza. Sasa asukume. Mama alikuwa akiitikia kila neno, haya, haya mwanangu, nimefanya. Alikwisha kuzalisha wajukuu wa watu wengi kijijini. Yunge aliendesha. Hakuwa na lingine la kufanya. Mshale wa mafuta ulishuka, jua likapita utosini, na barabara ikaendelea kuzaa barabara.

Kisha mtoto akalia.

Alilia kwa nguvu, kilio cha hasira hasa, na Yunge akapiga usukani kwa kiganja akicheka na kulia kwa pamoja. "Amezaliwa! Sista, amezaliwa!"

"Wa kike," ilisema redio. Ni mama. "Ana nywele mpaka usoni." Halafu, baada ya kitambo, "Sista, damu haikatiki."

Sista Agripina hakubadilisha sauti. Msugue tumbo, mama, chini ya kitovu, usimwonee huruma. Mweke mtoto kwenye ziwa. Inua miguu yake. Sugua tena. Lakini Yunge aliona jinsi mkono wa pili wa Sista ulivyolishika lile boksi la barafu, vidole vimekuwa vyeupe, na akaelewa.

"Dada." Sauti ya Sikitu ilikuwa ndogo. "Nakuona pembeni mwa kanga. Hilo gari ni lako?"

"Ni langu. Mimi pia nauona mlango wenu. Nakuja, Sikitu."

"Washa taa basi nikuone vizuri."

Yunge aliwasha taa zote, mchana kweupe. Akawasha na za hatari.

"Nimeziona," alisema Sikitu. "Zinapepesa."

Baada ya hapo ilisikika sauti ya mama ikimwita kwa jina, mara moja, mara mbili, kisha kwa jina la utotoni ambalo hakuna aliyelitumia tangu Sikitu aanze shule. Sista Agripina aliendelea kutoa maelekezo kwa muda mrefu, mengine akiyarudia. Hatimaye alikiweka kipaza sauti kwenye mapaja, akafanya ishara ya msalaba. Pale mlangoni Mpondo alikuwa bado ameishika kanga kwa mikono yote miwili.

Yunge aliendelea kuendesha. Hakulia. Machozi yalikuwa yametangulia kwa furaha ya mtoto, na sasa yalipohitajika hayakuwepo.

Ardhi ilianza kurudi saa nane. Ilirudi kama inavyorudi siku zote, bila kishindo, bila kuomba radhi. Kilomita zilipungua zenyewe kwenye kioo cha ramani ndani ya gari, mia, themanini, thelathini, na gari jeupe ambalo lilikuwa limegoma kusogea likaanza kusogea, likakua, likawa na namba za usajili na matope kwenye matairi. Yunge alifunga breki. Kutoka mlango wake hadi mlango wa gari la wagonjwa hapakuwa hata na nafasi ya kugeuza toroli.

Mpondo alikuwa ameketi chini, kanga imemlalia magotini. Alimwona Yunge, akaanza kuikunja. Yunge alimpita. Hakuwa na hasira naye. Hasira ilihitaji nguvu, naye hakuwa nazo.

Sista Agripina aliingia ndani ya gari na boksi lake. Alitoka bila kulifungua.

Mama aliketi kwenye ngazi ya gari, mtoto amemfunga kwenye kitenge kifuani. Damu ilikuwa imekaukia mikononi mwake mpaka viwikoni. Alimtazama Yunge kama anayemtafuta mtu mwingine nyuma yake.

"Ile ndege imefika?" aliuliza.

"Imefika, mama."

"Salama?"

"Salama. Wote."

Mama aliitikia kwa kichwa, taratibu. Alipanga kitenge, akamfunika mtoto jua.

"Walikuwa wanawahi nini?"

Yunge alijua uzito wa mizigo yao. Alijua mafuta yao, viti vyao, na dakika yao ya kutua. Lakini walichokuwa wanawahi, katika miaka yote ya kazi yake hakuna mtu aliyewahi kuwauliza.

"Sijui, mama."

"Hujui," mama alisema, bila ukali wowote. Akamfungua mtoto kutoka kifuani, akamnyoosha mbele kwa mikono miwili. "Basi mpokee huyu. Mdogo wako sijamfumba macho."